Kilango cha Tabo na Maji ya Kinango

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Karakana aliniuliza nimemletea nani chakula.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana ya magari ya serikali kule Matuga, ovaroli mpya mwilini, leso nimejifunga juu yake kwa sababu mama alikataa katakata nipite njiani na suruali, na mkononi nina kipande cha mkate wa kumimina nilichokifunga kwa gazeti. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Sikumletea mtu. Chakula ni changu, nami nimekuja kazini." Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye makubadhi. "Kazi gani?" "Ya ufundi wa magari." "Subhanallah!" akasema, akageuka kuwatazama mafundi wengine kama mtu anayetafuta mashahidi. Kisha akanionyesha pipa la mafuta ya taa lililojaa nati chafu. "Haya, anza na hizo. Tutaona leso na grisi nani atamshinda mwenziwe."

Leso ilishindwa siku hiyo hiyo. Niliifungua, nikaikunja, nikaiweka dirishani, nikaosha nati. Jina langu ni Mejumaa, na haya nawaeleza nyinyi mliozaliwa majuzi, mnaoishika simu mkaiuliza gari lina nini, mpate kujua kazi hii tuliifanyaje. Mnivumilie nikirukaruka. Mimi sikuumbwa kukaa. Hata sasa ninavyosimulia nimeshainuka, nimechungulia barabarani, nimerudi.

Kuosha nati kulinikera vibaya, lakini kulinifundisha. Nati hukueleza gari linakotoka. Iliyoliwa na kutu ni ya gari la ufuoni, linalolala karibu na bahari na kunywa chumvi usiku kucha. Iliyoshikana na vumbi jekundu ni ya gari la Kinango na kwingine kule kukavu. Msimamizi alikuwa mkali kweli kweli, na ukionekana mbele yake huna spana mkononi, basi siku yako imeharibika. Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likatuchosha: "Gari halisemi uongo. Mwongo ni mtu." Maana yake, dereva akija na malalamiko, mwache aseme, wewe lisikilize gari. Kauli hiyo niliishika miaka mingi. Mzee yule ndiye aliyenijenga, Mungu amrehemu, lakini hapo aliteleza, na nitawaeleza kwa nini.

Kutoka Matuga nilihamia Diani, kwenye gereji ya hoteli moja kubwa. Msiniulize sababu. Miguu iliniwasha tu. Hapo mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Usafiri, mtu wa bara, mchapakazi, lakini adabu ya maamkizi hakuja nayo. Asubuhi unamsikia kabla hujamwona: "Fundi! Hii gari iko na shida gani? Wageni wako hapo nje na mabegi, na ndege haitawangoja!" Nami kichwa kiko chini ya boneti nikijibu, "Kwanza habari za asubuhi, bwana meneja." Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili alicheka. Mwishowe alikuwa akisalimu mpaka paka wa jikoni.

Hoteli ilipoanza kununua magari ya dizeli yenye tabo, ndipo nilipokutana na kifaa hicho. Fundi Mkuu wa pale, mtu mfupi mwenye sauti ya muadhini, alinipakatisha tabo iliyofunguliwa akanieleza, nami nawaeleza nyinyi vile vile. Injini huvuta hewa, ikachoma dizeli, ikatoa moshi. Moshi huo hutoka kwa nguvu, na zamani nguvu hiyo ilipotea bure. Ndani ya tabo mna magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yameungana kwa shafti moja. Moshi unalizungusha la kwanza, na la pili linasukuma hewa nyingi ndani ya injini, basi injini ndogo ikavuta mzigo wa injini kubwa. Aliyewahi kupepea jiko la makaa anaijua kazi hiyo. Ukisikia mluzi mwembamba gari linapoongeza nguvu, huo ndio mluzi wa tabo.

Ila hewa ikizidi, injini itapasuka. Kwa hiyo upande wa moshi kuna kilango. Hewa ikifika kiasi chake, inausukuma mpira ulio ndani ya kopo dogo la bati, mpira unasukuma kijiti cha chuma, kijiti kinafungua kilango, na moshi wa ziada unapita pembeni bila kuizungusha tabo. Ni kama mfuniko wa sufuria unaoinuka mvuke ukizidi. Hewa ikipungua, springi inakirudisha kilango mahali pake. Kikikwama kimefungwa, injini inalazimishwa kupita uwezo wake. Kikikwama wazi, moshi wote unatorokea pembeni, mluzi unakufa, na gari linakuwa halina pumzi.

"Kilango hiki kinaishi motoni, Mejumaa," Fundi Mkuu aliniambia. "Usikipake kitu chochote kinachopikika."

Nilikaa hotelini mpaka mvi zikaanza kunichungulia, kisha nikaondoka tena. Kazi yangu ya mwisho nilipewa na chama kimoja cha maji pale Ukunda. Chama hicho kilikuwa na kanta moja, lile lori dogo mnalolijua, likafungwa tangi mgongoni. Kazi yake ilikuwa kujaza maji Ukunda, kupita Kombani, kupanda mlima mpaka Kwale, kisha kuteremka Kinango kuwapelekea watu wakati wa kiangazi. Mkubwa wangu hapo alikuwa Mwenyekiti wa Chama, mwalimu mstaafu, mtu wa haki ila mwepesi wa kutoa hukumu. Dereva alikuwa Bakari, kijana wa Gazi.

Bakari aliipenda kanta ile mpaka ikawa kichekesho. Aliiosha, aliipangusa, alizungumza nayo. Mkewe alinipigia kelele siku moja nilipopita kwao: "Mama Fundi, hebu muulize huyu bwana kama ameshaniacha, ili nijue!" Tulicheka sote. Na alikuwa dereva mzuri, hana papara, hana maneno, akifika Kinango wazee wanamwita mwanetu.

Kiangazi kimoja mambo yakaharibika. Bakari akawa anachelewa. Lori linatoka asubuhi na tangi limejaa, linafika Kinango jua limeshapinda, na tangi limepungua. Siku moja, siku nyingine, mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha mtu akaja na habari kwamba ameiona kanta imesimama Kombani, chini ya mlima, na wanawake wamepanga ndoo wakikinga maji bombani. Basi, kwisha. Bakari anauza maji ya wenye kiu.

Mwenyekiti alimwita uwanjani kwetu mbele yangu. "Bakari, unachelewa kwa nini?" "Gari linagoma mlimani, Mwenyekiti." "Na Kombani unasimama kwa nini?" "Linagoma, Mwenyekiti." Mwenyekiti akaingia mwenyewe kwenye lori, tangi likiwa tupu, akaliendesha mpaka barabara kuu na kurudi. Likakimbia vizuri. Akanigeukia. "Fundi, angalia." Nikafungua boneti. Injini haikuwa na moto bado. Nikakishika kijiti cha kilango kwa koleo nikakivuta, kikaja, kikarudi. Kizito kidogo, lakini kilirudi. Nikasema, "Kasoro sijaiona bado." Neno *bado* nililitamka, wallahi nililitamka! Kufika jioni, Ukunda nzima inaambiwa fundi amesema gari halina kasoro. Nilipandwa na hasira nisiweze kula.

Mwenyekiti akatangaza kwamba Ijumaa itasomwa Halbadiri. Kwa asiyejua, hicho ni kisomo cha kumshtakia Mungu mtu aliyeiba au kudhulumu. Hakitajwi jina, na mwenye hatia yake humfika mwenyewe, mwilini au nyumbani mwake. Wapo masheikh wasioipenda kabisa, na wapo watu wazima wanaorudisha kitu cha mtu wakisikia tu kwamba kitasomwa. Bakari alipoambiwa alisema, "Isomwe." Lakini mkewe alikuwa mja mzito, na nilimwona anavyojishika tumbo. Akaniambia pembeni, "Mama, mume wangu si mwizi. Lakini kuna kitu ananificha, namjua. Isije ikatushika kwa hicho."

Sikulala vizuri tena. Nilizunguka uwanja ule kama mtu aliyepoteza ufunguo. Gari linasema ni zima. Mtu anasema linagoma. Kwa kauli ya mzee wangu wa Matuga, mwongo alikuwa Bakari, na nilikuwa nikimtazama machoni na sioni uongo, naona ana haya. Nikamwambia Mwenyekiti, "Kabla ya Ijumaa yenu, mimi nitapanda na hilo lori, tangi limejaa, mpaka Kinango." Akasema, "Lisemwalo lipo, Fundi. Kama halipo laja." Nikamjibu, "Basi na nilione likija."

Tukaondoka asubuhi. Mpaka Kombani tabo ilikuwa inapiga mluzi, nami nimetega sikio. Tukaanza mlima. Injini ikapata moto, mluzi ukapanda, ukapanda, halafu puu! Ukakatika. Moshi mweusi ukatoka nyuma, lori likaanza kujikokota, Bakari akashusha gea mpaka ya mwisho, likasimama. Akalirudisha taratibu mpaka pembeni mwa barabara, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaenda nyuma.

Nikadhani amekwenda kukagua magurudumu. Nikasikia maji. Kushuka mbio, lo! Bakari amefungua bomba la tangi, maji yanamwagika kwenye mchanga, na huko nyumba za chini wanawake wameshatoka na ndoo zao wanapanda mbio, wameshazoea.

"Funga bomba! Bakari, una wazimu?"

"Mama, halipandi likiwa zito. Nikipunguza kidogo na likipumzika, linapanda."

"Yaani miezi yote hii unamwaga? Huuzi, unamwaga?"

Akainamisha uso. "Namwaga. Hawa wakija na ndoo siwafukuzi, kuliko yote yaende chini."

"Na mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, mama?" Akalifunga bomba. "Nikasimame Kinango niwaambie maji yenu nimeyamwaga njiani? Heri waniite mwizi."

Nilitaka kumchapa, na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote. Wale wanawake niliwaomba radhi, wakarudi wananung'unika na ndoo tupu, nami nikafungua boneti injini ikiwa ya moto, jambo ambalo pale uwanjani hatukulifanya. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na siri. Kijiti kilikuwa kimesukumwa nje na hakikurudi. Nilikisukuma kwa bisibisi ndefu, hakikusogea. Kilango kimefunguka mlimani na kimeshikwa wazi. Tulikaa kando tukingoja. Chuma kilipopoa kidogo, nikasikia *ta!* Springi imekivuta, kimefunga, tayari kumfanya dereva mwongo mbele ya mtu yeyote atakayekuja kukagua. Basi gari nalo husema uongo, enyi vijana. Husema ukweli mahali pake tu, penye mzigo wake na joto lake.

Nilipoinama karibu nikasikia harufu. Nikanusa tena. Si dizeli, si oili. Harufu ya tui lililoshika chini ya sufuria.

"Bakari," nikamwita. "Hapa umetia nini?"

"Wapi?"

"Hapa kwenye tabo, kwenye hiki kipini cha kilango. Usinizungushe."

Akajishika kichwa. "Mafuta ya nazi tu, mama."

Mafuta ya nazi tu! Kijana wa watu, alisikia kipini kinalia kwi kwi kwa kutu ya chumvi. Akakifanyia kama tunavyofanyia kila kitu huku kwetu. Bawaba ya mlango ikilia, mafuta ya nazi. Cherehani ikikaza, mafuta ya nazi. Mtoto akikauka ngozi, kufuli ikigoma, nywele zikishikana, chupa ni ile ile. Mkewe aliyakamua nyumbani kwa mikono yake, mafuta meupe, safi, na Bakari aliyatia pale kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, kwa mapenzi. Siku ya kwanza kelele zilinyamaza, akafurahi. Lakini pale pana moto wa kuivisha chuma. Mafuta yakapikika, yakawa gundi nyeusi, ukoko mtupu kati ya kipini na tundu lake. Gari lilipogoma akaona limekauka, akaongeza mengine. Fundi wa Nairobi asingelidhani kitu kama hicho, na mimi mwenyewe mtu wa Msambweni sikukidhania mpaka pua iliponiambia.

Nililifunga lile kopo lisisukume kijiti, tukapanda polepole kwa uangalifu, mluzi ukilia mpaka Kwale, tukafikisha Kinango tangi karibu lijae. Tuliporudi Ukunda nikaanza kazi. Nikafungua bati la kukinga joto, nikachomoa kipini kidogo kinachokishika kijiti, nikajaribu kuuzungusha mkono wa kilango kwa vidole. Ulikaza. Hapa vijana hupenda kuchukua nyundo. Usichukue nyundo, utavunja usichoweza kukinunua. Nikapuliza mafuta membamba ya kulegeza kutu, nikangoja, nikausogeza kidogo kwenda, kidogo kurudi, nikapangusa weusi uliotoka, nikapuliza tena. Mimi na kungoja ni maadui, mnajua, lakini kazi hiyo haina njia ya mkato. Ulipolegea nikausugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana. Kisha nikalijaribu kopo kwa pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupima hewa, nikitazama kijiti kinaanza kutoka wapi na kinarudi vizuri. Mwisho nikasaga risasi ya penseli ikawa unga, nikaupaka kwenye kipini. Unga huo hauogopi moto. Nikaipasha injini moto, nikaukagua mkono tena ukiwa wa moto, ukaenda na kurudi kwa wepesi.

Bakari alikuwa amesimama hapo muda wote. Nikamwambia, "Sikiliza, mwanangu. Chamani kuna amri dereva asiguse injini. Nikisema kilango kilishikwa na kutu ya chumvi, sitakuwa nimesema uongo, kutu nayo ilikuwapo. Mafuta ya nazi yanaweza kubaki hapa hapa baina yetu."

Alifikiri. Kisha akasema, "Hapana, mama. Ijumaa ikisomwa na mimi nimeficha, nitakula vipi na mke wangu na hali aliyonayo? Mficha uchi hazai." Na hakuwa anafanya mzaha.

Basi kamati ikakaa, na mwakilishi wa Kinango akaja, Mama Mbodze, mwanamke mkavu, mrefu, ambaye mbuzi wake walikuwa wamekufa karibu wote kiangazi hicho. Nikaeleza habari ya kilango na kukwama kwake. Bakari akasimama akaeleza mafuta ya nazi, kisha akaeleza maji. Mwenyekiti alivua miwani. "Halbadiri haina kazi tena," akasema. "Bakari, nilikuhukumu kabla ya wakati, uniwie radhi. Na wewe injini ya watu usiiguse tena maishani mwako." Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

Mama Mbodze akauliza, hata hakupandisha sauti, "Hayo maji uliyamwaga wewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama."

"Chini? Mchangani?"

"Mengine walikinga watu. Mengine, ndiyo, chini."

Akajifunga leso yake vizuri, akainuka. "Ungaliyauza, angalau yangalinywewa," akasema, akatoka.

Maneno yale yalimkata Bakari kuliko kuitwa mwizi.

Muda si mrefu nikastaafu. Walinifanyia sherehe, wakanipa kiti kizuri cha kuegemea, wakaniambia nenda ukapumzike, Fundi. Kiti hicho hukaliwa na kuku. Kupumzika ni nini? Nyumba yangu Msambweni iko kando ya barabara ya Lunga Lunga, na kila kinachopita nakisikia. Huyo beringi imekwisha. Huyo mkanda umelegea, na mwenyewe hana habari. Nikisikia tabo isiyopiga mluzi, mwili wote unawasha, natamani nikimbie nyuma yake kwa miguu yangu mibovu. Wajukuu wananicheka. Watu huniuliza kama nina majuto. Sina. Nimekula jasho langu, nimevua leso nikavaa ovaroli katika zama ambazo mwanamke aliulizwa amemletea nani chakula, na wapo wasichana leo wanaofanya kazi hiyo bila kuulizwa. Linalonisumbua ni kuona kitu kimekwama na mimi nimekaa.

Ndiyo maana Bakari alipokuja siku moja, mtoto wake mchanga keshazaliwa salama, nilishaiona hali yake kabla hajaketi. Akaniamkia, nikaitikia. Nikamuuliza, "Lori vipi?"

"Lori limepona, mama. Mimi bado. Nataka kuiacha kazi."

Akanieleza. Alikuwa akifika Kinango mapema, tangi limejaa mpaka shingoni. Watu wanakinga maji yao, wanamshukuru Mungu, wanaondoka. Kule Kinango mgeni haulizwi habari kabla hajapewa maji ya kunywa. Hata mtungi ukiwa na ya chini kabisa, mgeni atapewa hayo. Tangu siku ile ya kamati hakuna aliyempa Bakari maji. Analeta tangi zima, na anarudi na kiu.

Niliinuka hapo hapo nikatafuta viatu. "Kesho unapita saa ngapi?"

Kesho yake nikapanda naye. Mluzi ulilia mlima wote. Tulipofika, watu wakakinga, na Mama Mbodze akaniona, akaja akanishika mkono, akaniita nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka pale lori liliposimama. Nikamwamkia, akanikalisha. Akaniletea kikombe cha maji. Bakari naye alimwamkia, asiitikiwe, akabaki amesimama uani, kofia mkononi.

Nikakishika kile kikombe. Kisha nikakiweka chini. "Mama, nisamehe. Siwezi kunywa, na aliyenileta ana kiu."

Uso wake haukubadilika. "Huyo?" akasema. "Huyo maji anajua pa kuyapeleka."

"Anajua," nikasema. "Ndiyo maana kila siku anayaleta hapa."

Nikaona nimemkosea mwenyeji wangu, na mdomo wangu huu ndio ulivyo. Kisha akaingia ndani. Nikasikia kata inagonga mtungi. Akatoka na kikombe kingine, amekijaza mpaka juu, juu kabisa, maji yanatetemeka ukingoni, akaenda nacho taratibu mpaka pale Bakari aliposimama.

"Haya," akamwambia. "Tuone na haya kama utamwaga."

Bakari alikipokea kwa mikono miwili. Mimi nimeinuka kwenye kiti, nimeshika kifua. Akainama yeye kukifuata kikombe badala ya kukiinua, akanywa, akanywa, mpaka akakimaliza. Akakigeuza juu chini. Hakukutoka tone.

Mama Mbodze akacheka, kicheko cha kinyume na sura yake, cha msichana. "Marahaba," akasema. "Mwanangu, mkeo amejifungua? Mtoto hajambo?"

Tulipoteremka mlima wa Kwale, tangi tupu, Bakari alianza kulia. Alilia kwa sauti, kamasi na machozi, mikono kwenye usukani.

Nikamwambia, "Lia mwanangu, lia. Lakini tazama barabara."